Mkono Niliomwazima Bi Toshie

Harufu ndiyo iliyonishtua. Nilikuwa nimeinama jikoni nageuza makande, mawazo yangu yako kwa mbuzi aliyekataa kunyonyesha, mara nikasikia harufu kama ya ngozi ya kuku anayebabuliwa motoni. Nikajiuliza, nani anababua kuku asubuhi yote hii, na sisi kuku hatuna? Nikatazama huku, nikatazama kule. Ndipo nikauona mkono wangu wa kushoto umelala kwenye ukingo wa sufuria, umetulia kama mzee aliyekaa barazani kwake.

Nikauondoa. Sikuruka wala sikupiga kelele. Niliuondoa polepole, kama unavyouondoa mwiko. Ngozi kidogo ilibaki palepale kwenye sufuria.

"Mama, kuna nini kinaungua?" mkamwana wangu aliuliza kutoka uani.

"Makande," nikasema.

Nikafunga kitambaa, nikashusha mkono wa sweta mpaka kwenye kiganja, nikaenda kazini.

Kitendawili, wajukuu zangu. Semeni tega. Ninacho, nataka nikupe, huwezi kukipokea.

Mama yangu alinitegea hicho hapahapa Usangi, siku niliyong'olewa jino. Nililia mpaka nikachoka, yeye akanipakata, akanitegea, nikashindwa, nikampa mji. Akasema: jibu ni maumivu, mwanangu, ningeweza kuyapokea ningeyapokea. Lilikuwa jibu zuri, na lilidumu tangu dunia iwepo. Siku hizi ukitega, watoto wanakucheka. Wanasema, bibi, si uvae soksi tu?

*

Kituo chetu kiko kwenye lile ghala la zamani la kahawa. Viti ishirini na sita, wanawake ishirini na sita, hakuna aliye chini ya miaka sitini. Wajapani waliotuletea mashine walitaka wazee. Walisema vijana walijaribiwa kwanza wakashindwa, kwa sababu kijana hajui goti linavyosema mvua ikikaribia. Maumivu ya kizee yanataka mzee wa kuyatambua.

Soksi yenyewe ni kitambaa cheusi chembamba, kinaanzia kwenye kifundo cha mkono wa kushoto hadi kwapani. Ndani yake kuna nyuzi za kubana na kuchoma. Mtu aliye kule Japani amevishwa nyuzi za aina hiyohiyo mwili mzima, nawe unaletewa mwili wake wote ukiwa umekunjwa kwenye mkono wako mmoja. Miguu yake ni kifundo changu. Nyonga yake ni kiwiko changu. Mbavu zake ziko hapa juu, karibu na kwapa. Hawakuletei maumivu yote, wanakuletea fungu moja katika kumi, ili mtu asife kwa ugonjwa wa mwenzake.

Na kwa nini tuyapokee? Kwa sababu wazee wa kule hawasemi. Ukimuuliza bibi wa Kijapani kama anaumia, atakwambia daijobu, yaani sina neno, hata kama jiwe limemkalia mguuni. Wamelelewa hivyo, kutomsumbua mtu. Sasa wazee kule ni wengi, vijana wa kuwahudumia hawatoshi, wametengeneza mashine ya kuwanyanyua kutoka kitandani kwenda bafuni. Sisi tunaiita Mbebaji. Ina mikono miwili laini kama mito, na nguvu za fahali. Mashine ikiuliza, mzee anasema daijobu. Basi wakatafuta mtu wa pembeni atakayeyasikia maumivu na kuyasema kwa niaba yake, ili Mbebaji ajifunze kidogokidogo wapi pa kubana na wapi pa kuachia.

Mbele ya kila kiti kuna vitufe. Hapo ndipo kazi ilipo. Maneno yetu yanapita kwanza kwenye Kiingereza ndipo yafike kwao, na Kiingereza kina neno moja dogo, hurt, la kila siku, hata mtoto wa darasa la nne analijua. Wenyewe wanalitumia kwa kila kitu: jino, kisu, maneno ya mume. Wajapani hawataki hivyo. Wao wanataka ulichambue kama mchele. Kitufe cha manjano ni itai, kile kilio cha mwenye maumivu: naumia. Cha bluu ni kega, dhara limempata mtu, ameanguka, ameteguka, ndiyo dunia. Chekundu ni kizutsukeru, na hicho hatukipendi, maana kinasema kuna aliyemjeruhi mwenzake. Kuna cheupe pia. Cheupe ni hakuna kitu, endelea.

Miaka minne nilikaa pale nikichambua neno moja. Mtu wa darasa la saba.

Wangu aliitwa Bi Toshie Kuwabara, miaka tisini na moja, yuko Niigata kwenye theluji. Yeye na marehemu mumewe walikuwa mafundi baiskeli. Tulikuwa tunaonana kwenye kioo na sauti yake inakuja kwa Kiswahili cha mashine, kimenyooka kama kimepigwa pasi. Nilimfundisha vitendawili. Siku moja nilimtegea: anapanda mlima kwenye mgongo wa mwenzake, akishuka hana shukrani. Jibu ni mzigo. Yeye akafikiri sana, akasema, "Ni mimi na Mbebaji." Nilicheka mpaka Bwana Mchome, msimamizi wetu, akaja kuangalia kama soksi imeharibika.

*

Basi siku ile ya sufuria nilifika, nikakaa. Nesi wetu, Haikaeli, binti wa juzi tu, akaanza kupita viti kama kila siku na daftari lake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Mkono?"

"Mzima."

"Nyumbani?"

"Salama."

Akapiga tiki, akaenda kwa Eliwaza, jirani yangu. Shikamoo, marahaba, hujambo, sijambo, mkono mzima, nyumbani salama. Tiki.

Baadaye nililiona lile daftari. Wajapani walikuwa wameandika swali refu: je, mkono una ganzi, unachonyota, umebadilika kwa namna yoyote? Lakini Haikaeli ni mtoto aliyelelewa. Angesimamaje mbele ya mtu wa umri wa bibi yake amhoji kama askari? Akalifupisha, akalitia katikati ya salamu. Na nyie mnajua salamu zetu. Unaingia kwenye msiba, unauliza habari za hapa, wanakwambia salama. Ukishakaa, ukishapewa maji, ndipo unaambiwa: salama, ila baba ametutoka. Jambo lenyewe linakaa nyuma ya ila. Ila Haikaeli, masikini, ilipofika zamu ya ila alikuwa ameshahamia kiti kingine.

Mkono wangu ulikuwa umeanza kufa tangu mavuno ya mahindi. Kwanza vidole, halafu kiganja, mwisho mkono mzima hadi begani. Nikasema ni baridi ya milima. Nikasema ni uzee. Siku nyingi nilikuwa nabonyeza vitufe kwa kumtazama Bi Toshie usoni tu. Nilimjua, nikawa nakisia, na nilikuwa napatia.

Saa tatu ya kwetu kwao ni saa tisa alasiri, wakati wa kuoga. Mbebaji akaja, akapitisha mikono yake chini ya Bi Toshie, akamnyanyua. Nikamwona Bi Toshie amelishika taulo kwa vidole vyote. Nikadhani ni baridi ya maji.

"Daijobu," Bi Toshie alisema. Mashine ikaniletea: sina neno.

Sikioni mwangu Mbebaji akauliza kama anavyouliza siku zote, "Hali?"

Nikausikiliza mkono. Ulikuwa kimya kama kuni.

"Salama," nikasema. "Endelea." Nikabonyeza cheupe.

Akaendelea. Bi Toshie akalishika taulo zaidi. Mbebaji akauliza tena, nikasema tena salama. Halafu kichwa cha Bi Toshie kikalala upande, mtu akapiga kelele kule ng'ambo, na kioo kikazimwa.

Mbavu mbili. Ndivyo tulivyoambiwa mchana. Yuko hospitali, yuko hai, mbavu mbili zimevunjika.

Nilikunywa chai yangu. Nakumbuka nilikunywa yote na nikaomba nyingine. Watu walinitazama kama wanasubiri nilie, na mimi pia nilikuwa nasubiri.

*

Siku ya tatu Bwana Mchome alinijia nyumbani, akaketi kwenye benchi la nje, akakataa makande mara mbili, akala sahani mbili.

"Bibi Nakijwa," akasema, "sisi Wapare tunapenda kesi, hilo halina ubishi. Mpare anaweza kumkatia rufaa mbuzi wake. Lakini hii naomba iishe kesho."

"Kesho kuna nini?"

Akatoa karatasi. Ilikuwa ya Kiingereza, mstari mmoja tu umepigwa rangi. Lile neno dogo, hurt, lilikuwa hapo katikati.

"Wakubwa watakuwa kwenye kioo. Wameandika hivi, Bi Toshie na hilo neno, basi. Neno la Kijapani linakusubiri wewe ulichague, kwa sababu wewe ndiye msikiaji wake. Utabonyeza kitufe kimoja. Kega, bibi. Dhara limempata. Mtu wa miaka tisini na moja, mifupa kama biskuti, nani atashangaa?"

"Na nikibonyeza chekundu?"

"Ukibonyeza chekundu watauliza nani. Wakishauliza nani, watapita kwa Mbebaji waje kwako. Wakifika kwako wataukagua mkono wako. Wakiukagua wako watakagua ya wote." Akaifuta sahani kwa kidole. "Mimi sijakuuliza habari za mkono wako, bibi. Uone ninavyokuheshimu."

Nikaushusha mkono wa sweta.

"Wabebaji wako wangapi kule?" nikamuuliza.

"Elfu nne na kitu."

"Na wote wamejifunza kwetu?"

"Kwenu. Mnachosema nyie hapa leo, kesho asubuhi wote wanakijua. Hiyo ndiyo sifa ya kituo chetu." Akaona ninavyomtazama, akakohoa. "Kina mama ishirini na sita, bibi. Wajane wangapi humo? Eliwaza yule atakwenda wapi? Kituo kikifungwa hakifunguliwi tena. Wataenda kutafuta wazee nchi nyingine."

Alipoondoka nilikaa palepale. Wabebaji elfu nne walikuwa wamefundishwa na mimi kwamba mbavu zikivunjika zinasema salama, endelea. Nililigeuza jambo hilo kama unavyogeuza sarafu usiyoijua. Nilitegemea linichome. Halikunichoma. Nikaogopa kidogo, kwa namna ya mbali, kwamba ganzi haikuishia begani.

*

Kesho yake, kabla ya kikao, nilikuwa na wenzangu kumi na mmoja kwenye chai ya tangawizi. Nilikuwa nimechuma mwiba wa mlimau njiani, mrefu, mgumu.

"Kitendawili!" nikasema.

"Tega!" wakaitika, hata waliokuwa na mihogo mdomoni.

"Hiki kinajibiwa kwa macho yaliyofumbwa. Fumbeni. Mikono ya kushoto mezani."

"Huyu na vitendawili vyake," Eliwaza akasema. "Mwisho atatuibia mihogo."

"Fumba wewe, mihogo yako haina hata chumvi."

Wakacheka, wakafumba. Nikapita mmoja mmoja. Nilichoma kidogo tu, nyuma ya kiganja, panapouma. Wa kwanza akasema, "We!" akaurudisha mkono. Wa pili hakusema kitu. Wa tatu hakusema kitu, na tabasamu lake lilikuwa bado liko usoni, anasubiri mchezo uanze. Nikaendelea. Walioruka walikuwa wanne. Saba walibaki wamekaa na mikono yao mezani, kila mkono na tone lake jekundu.

"Haya, tega basi," Eliwaza akasema, "tunapata baridi."

"Nimeshatega. Fumbueni."

Akafumbua. Akautazama mkono wake muda mrefu. Akalifuta tone kwa kanga, likarudi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu kabla ya Kwaresima." Alisema taratibu. "Wewe?"

Nikavuta mkono wa sweta, nikafungua kitambaa. Waliliona lile jeraha la sufuria. Mmoja akasema Yesu wangu.

"Mbona hamkusema?"

Huyo alikuwa Haikaeli. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, hatukujua tangu saa ngapi. "Mabibi zangu, mbona hamkusema? Nawauliza kila siku ya Mungu."

"Unatuuliza lini?" Eliwaza akashangaa, na alishangaa kweli.

"Asubuhi. Nasema, mkono?"

"Aa, mwanangu. Ile si salamu?"

Haikaeli akaweka kikombe chini. Akafungua daftari, akawa anazifunua kurasa, tiki, tiki, tiki, mpaka akafika mwanzo. Kisha akakaa kwenye ngazi. Hakuna aliyemlaumu. Eliwaza alimmegea muhogo.

*

Kwenye kioo walikuwapo watu watatu wa suti, na katikati yao Bwana Nagamine, mzee mwenyewe, nywele nyeupe. Pembeni kioo kilikuwa kimegawanywa, na Bi Toshie alikuwa hapo, amelala, amefungwa kifua. Nyuma ya wenye suti alisimama Mbebaji mmoja aliyeunganishwa na kiti changu, amekumbatia gunia la mchele. Ndivyo wanavyowafanyia majaribio.

Bi Toshie akaanza yeye. "Bi Nakijwa, hujambo?"

"Sijambo," nikasema. "Wewe hujambo?"

"Daijobu," akasema, na midomo yake ilikuwa ya bluu.

Tukatazamana. Mabibi wawili wenye adabu.

Bwana Nagamine akainamisha kichwa, akasoma ile karatasi, akaniomba nichague neno. Bwana Mchome alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akipumua.

"Kabla sijabonyeza," nikasema, "nina maneno. Mkono huu umekufa ganzi tangu mavuno. Siku ile uliniletea mbavu za Bi Toshie nami sikusikia kitu, nikasema salama. Sikudanganywa na mashine. Nilijua mkono hausikii, nikanyamaza." Nikavuta sweta, nikawaonyesha. "Hili ni la moto. Sikulisikia hili pia. Na siko peke yangu. Tumejipima leo kwa mwiba. Kati ya kumi na mmoja, saba."

Bwana Mchome akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, umetumaliza."

"Yale maumivu ya siku ile," nikamuuliza Bwana Nagamine, "yapo? Mmeyahifadhi?"

Akasema yapo. Kila kitu kinahifadhiwa.

"Nileteeni. Kwenye mkono wa kulia."

Wakashauriana. Mtaalamu mmoja akaanza kueleza kwamba soksi inaharibu mishipa ya fahamu pale inapobana miaka mingi, sasa wanaona, na kwamba mkono wa kulia haujawahi kuvishwa, hautapunguziwa vizuri, unaweza kuja mzigo mkubwa kuliko fungu moja katika kumi. Aliongea sana. Nilichokielewa ni kwamba itauma.

"Bibi, huo ndio unaokula nao," Bwana Mchome akasema. Sauti yake haikuwa ya msimamizi tena. "Uache huo."

"Wabebaji elfu nne wamefundishwa kwa mkono mfu," nikamwambia. "Nani atawafundisha upya? Wewe?"

Haikaeli ndiye aliyenivisha. Vidole vyake vilipita kwenye ngozi yangu. Nilishangaa kuvisikia, vilivyo na joto. Nilikuwa nimesahau kwamba soksi ukivishwa unaisikia.

Wakafungua.

Kwanza yalikuja maji, baridi tu. Halafu mikono ya Mbebaji chini ya mgongo, laini. Halafu ikaanza kubana, hapa juu karibu na kwapa, ikabana, ikabana, na sikioni ile sauti ikauliza, "Hali?"

Nataka mniamini, wajukuu zangu. Hata hapo, mdomo wangu ulifunguka kusema salama. Miaka sabini ya malezi ilikuwa imesimama kwenye ulimi, imevaa kanga safi, inasubiri kumpokea mgeni. Niliiona. Nikaipita.

"Yalaaa!" nikalia. "Mama yangu! Niachie! Niachie!"

Nililia kama yule mtoto wa jino. Machozi yalitoka, na kamasi, mbele ya wenye suti. Nilisikia mfupa wa Bi Toshie ukienda, ule wa kwanza, na nikajua sasa alichokuwa anakishika kwenye taulo.

Nyuma ya Bwana Nagamine kitu kikaanguka kwa kishindo. Wakageuka wote. Mbebaji alikuwa amefungua mikono. Gunia lilikuwa chini, mchele umemwagika mpaka kwenye viatu vyao, naye amesimama mikono wazi, anasubiri.

Haikaeli akaivuta soksi. Nikabaki nahema.

Kwenye kile kipande cha kioo, Bi Toshie alikuwa ameukunja uso. Sikuwahi kumwona ameukunja kabla ya hapo. Akanitazama, akasema neno moja, polepole, kama anayejaribu kiatu cha mtu.

"Itai."

Mashine ikaniletea kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka: naumia.

"Pole, mwenzangu," nikasema. "Pole sana."

Nikabonyeza kitufe chekundu. Bwana Nagamine akalitazama neno likitokea mbele yake. Akauliza kwa upole, kama nilivyoambiwa atauliza, ni nani aliyemjeruhi.

"Andika mimi kwanza," nikasema. "Halafu acha nafasi chini. Tuko wengi."

*

Kituo kilifungwa jioni ileile. Wabebaji wote elfu nne walisimamishwa, wazee wakarudi kubebwa na watu, wachache, waliochoka. Hilo nalo nililijua nilipobonyeza. Bwana Mchome alitia kufuli, akasimama pale muda, kisha akanisindikiza hadi njia panda, na tulipoagana alinipa mkono wa kulia, kwa uangalifu, kama anashika yai.

Asubuhi iliyofuata miguu yetu ilitupeleka palepale. Tulikaa kwenye ngazi za ghala, ishirini na sita, kila mmoja na mkono wake mapajani. Eliwaza alikuwa hanisemeshi. Alinikalia karibu hivyohivyo.

Haikaeli alikuja na daftari jipya. Hakuna aliyemtuma, hakuwa na kazi tena kama sisi. Akaanzia kwangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Hujambo?"

"Sijambo."

Kalamu ilikuwa mkononi. Hakupiga tiki. Alivuta jiwe, akaliweka mbele yangu, akaketi, goti lake likagusa langu. Akasubiri. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, na yeye akasubiri tu.

"Ila?" akasema.

Nikauinua mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, nikauweka juu ya mapaja yake. Ilinibidi nitazame, nijue kama umefika.